Tumbili Aliyejulikana kwa Wenyewe

Hapa Kinyerezi ukitaja hifadhi ya taifa, mtu anawaza simba na dirisha la gari. Udzungwa, hifadhi tangu mwaka 1992, ni milima ya kupanda kwa miguu. Basi la Ifakara linapita Morogoro na Mikumi, unashuka Mang'ula. Huko yako maporomoko ya Sanje, na tumbili aitwaye ngolaga. Mwaka 1979 watafiti walisikia mlio wasioujua. Mwenyeji aliyewaongoza akawatajia jina papo hapo. Wataalamu wakaita ugunduzi! Ngolaga hapatikani popote duniani nje ya milima hiyo. Misitu yake ikikatwa, hana pa kuhamia. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni.