Mkandarasi, Tela na Mpaka: Istilahi za Kuhamisha Makao ya Biashara

Tuchukue kwamba mwalimu wa ufundi aliyeko Masasi amepewa kijitabu cha Kimarekani kinachowafunza makandarasi wadogo, naye anakitafsiri kwa ajili ya wanafunzi wake. Sura moja inamhusu fundi ambaye karakana yake yote imo ndani ya tela: jenereta, mashine ya kuchomelea, mashine ya kuchanganyia zege, ngazi na sanduku la vifaa. Fundi huyo anataka kuhamia sehemu nyingine ya nchi yake, na kijitabu kinamweleza yampasayo kufanya. Mwalimu anaandika kichwa cha sura: "Kuhamisha Biashara Kwenda Jimbo Jipya". Sarufi haina kasoro. Hata hivyo kila neno katika kichwa hicho lina tatizo lake, na msomaji akikosea kulielewa huenda akalipa ada isiyompasa au akaacha kulipa ile inayompasa.

Tuanze na jimbo. Neno la Kiingereza linalotafsiriwa hapa lina maana ya dola, na Wamarekani hulitumia pia kwa kila moja ya sehemu 50 za shirikisho lao. Kwa maana hii ya pili Kiswahili kimekwisha kuzoea jimbo, wala hakuna haja ya kubuni neno jingine. Lakini mjini Masasi neno hilo lina wenyewe. Wakati wa utawala wa Waingereza, Masasi na Newala zilikuwa wilaya za Jimbo la Kusini. Baada ya Uhuru majimbo yaligawanywa yakawa mikoa, na jimbo likabaki kuwa eneo la kumchagua mbunge. Kwa Wakatoliki ni eneo la askofu, na Jimbo la Tunduru-Masasi lipo tangu mwaka 1986. Kwa hiyo mwanafunzi aambiwapo kuwa fundi amehamia jimbo jipya, ana haki ya kuuliza kama amekwenda kupiga kura au kusali.

Mfasiri mwingine, kwa kuukimbia utata huo, ataandika mkoa. Hapo kosa huzidi. Nchini Marekani kila jimbo lina bunge lake, lina sheria zake kuhusu leseni za ukandarasi, na hutoa namba zake za magari na matela. Mkoa wa Tanzania hauna mamlaka hayo. Mkandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa Sheria ya mwaka 1997, na usajili huo hutambulika nchi nzima. Namba ya tela lake nayo ni ya taifa zima. Kwa upande wa leseni za biashara, chini ya Sheria ya mwaka 1972 zile za kundi A hutolewa na Serikali Kuu, na zile za kundi B hutolewa na serikali za mitaa. Mpaka unaomhusu mwenye leseni ya kundi B, basi, ni ule wa halmashauri.

Ramani ya kusini yaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Fundi wa Masasi akielekea kaskazini hadi Nachingwea, safari yake ni fupi kuliko ya kupanda Newala juu ya uwanda wa Makonde. Lakini Nachingwea imo katika Mkoa wa Lindi, na Newala imo katika Mkoa wa Mtwara kama ilivyo Masasi yenyewe. Isitoshe, Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, kwa hiyo aliyevuta tela lake hadi Nachingwea mwaka 1970 hakuvuka mpaka wa mkoa, na aliyefanya hivyo mwaka 1972 aliuvuka, ingawa barabara ilikuwa ile ile. Akitoka Masasi mjini na kuweka makao katika kijiji kilicho chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Masasi, amebadili halmashauri bila kutoka wilayani. Tena akiendelea kusini ya Newala, akashuka bondeni na kuvuka mto Ruvuma kwenda Mueda, ameingia Msumbiji, dola nyingine kabisa, yenye forodha na sheria zake.

Msomaji aliyefundishwa kwamba kinachohesabiwa ni mkoa atakosea mara mbili. Akienda Nachingwea atadhani usajili wake wa Bodi umekoma. Akienda Newala atadhani hana la kufanya, kwa kuwa hakutoka Mtwara, na afisa biashara wa huko atamkuta na leseni inayotaja mahali pengine. Pendekezo langu ni kwamba katika tafsiri ya habari za Marekani tubaki na jimbo, na mara linapotokea kwanza tuandike "jimbo, yaani sehemu ya shirikisho yenye bunge na sheria zake". Katika miongozo ya kwetu tuutaje mpaka wenyewe: "eneo la halmashauri nyingine".

Kitenzi hama nacho kimezaa majina matatu yanayochanganywa ovyo katika barua za ofisi. Uhamiaji umekwisha kuwa jina la idara inayoshughulikia wageni na pasipoti. Barua yenye kichwa "Uhamiaji wa Biashara" yaweza kufika meza isiyo yake. Uhamisho, kwa mtumishi wa Serikali, ni kupelekwa kituo kingine cha kazi. Katika sheria na uhasibu ni kuhawilisha mali kutoka kwa mtu mmodi kwenda kwa mwingine, kama tusemavyo uhamisho wa umiliki au wa hisa. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Fundi anayeandikia ofisi ya kodi kuhusu "uhamisho wa biashara yangu" aweza kueleweka kwamba ameiuza, akaulizwa ameiuza kwa nani na kwa bei gani, hali yeye amesogeza tela tu. Uhamishaji ni tendo lenyewe la kutoa kitu hapa na kukiweka pale, na ndilo linalofaa, mradi tutaje kinachohamishwa: "uhamishaji wa makao ya biashara". Mwenye biashara ni yule yule na jina ni lile lile. Makao pekee ndiyo yamebadilika.

Kuhusu mkandarasi sina mengi. Wanasarufi wangependa wingi wake uwe wakandarasi, lakini jina rasmi la Bodi lina makandarasi, na mwenye kuandika barua rasmi afuate jina la Bodi. Kandarasi ni kazi aliyopewa mtu aifanye kwa malipo. Mkataba ni mapatano yanayomfunga yeye na aliyempa kazi hiyo. Nimepata kumsikia mwanafunzi akiuliza "mkandarasi wa daraja la saba" alijenga wapi yale madaraja sita ya kwanza. Kwa kuwa hawa ni watu wanaojenga madaraja kweli, ni afadhali kuandika "mkandarasi aliyesajiliwa katika daraja la saba".

Limebaki tela. Madereva wetu husema kichwa na tela, na wakulima hulifunga nyuma ya trekta au pawatila. Trela la baadhi ya waandishi halina faida ya ziada. Kinachohitaji uangalifu ni namna ya kuliunganisha na kazi. "Kandarasi ya tela" humaanisha kazi ya kutengeneza au kuleta tela, na "mkandarasi wa tela" huweza kueleweka hivyo hivyo. Fundi wetu ni "mkandarasi mwenye karakana ya tela". Kichwa cha sura ya mwalimu, basi, kingesomeka hivi: "Mkandarasi Mwenye Karakana ya Tela: Uhamishaji wa Makao ya Biashara Kwenda Jimbo Jingine la Marekani". Ni kirefu, nakiri, na mpiga chapa atanung'unika.