Bingwa ni Penn State, mbona makocha wanaitabiri Nebraska?

Juzi katika kipindi cha michezo tulisoma habari fupi kutoka Marekani. Makocha wa mpira wa wavu wa wanawake katika ligi ya vyuo vikuu iitwayo Big Ten wamepiga kura ya utabiri kabla ya msimu wa 2025, na Nebraska imewekwa namba moja. Habari yenyewe haikufika hata dakika moja. Baada ya hapo ukaingia ujumbe wa msikilizaji: "Nyie wenyewe Desemba mlitutangazia kombe limebebwa na Penn State. Huyu Nebraska anatoka wapi tena?"

Swali ni la haki, na hewani muda haukutosha. Tunalijibu hapa kwa maandishi, bila picha nyingi, ili lisikumalizie bando.

Kwanza tuelewane kuhusu ligi yenyewe. Marekani hawana ligi moja ya vyuo kwa nchi nzima. Vyuo vimejigawa katika makundi yanayoitwa konferensi, na kila kundi lina ratiba yake na bingwa wake. Big Ten ni moja ya makundi hayo, na ni ya zamani, ya mwaka 1896. Jina lake maana yake ni "Kumi Kubwa", ila usilichukulie kama hesabu. Tangu Agosti 2024 ina vyuo 18, baada ya kuongezeka Oregon, Washington, UCLA na USC kutoka pwani ya magharibi. Leo timu ya Rutgers, iliyo New Jersey upande wa Bahari ya Atlantiki, inaweza kupanda ndege kuvuka nchi nzima ikacheze Los Angeles siku ya Ijumaa, na wiki inayofuata wasichana wapo darasani.

Katika ligi hiyo kila timu hucheza mechi 20 za wenyewe kwa wenyewe. Atakayeshinda nyingi ndiye bingwa wa Big Ten. Kisha mwezi Desemba inakuja michuano ya taifa yenye timu 64 kutoka makundi yote, na huko ukifungwa mara moja umerudi nyumbani. Ndiyo maana mwaka mmoja unaweza kuwa na bingwa wa ligi na bingwa wa taifa, na wasiwe timu moja.

Mwaka 2024 mambo yalibanana kweli. Nebraska na Penn State walimaliza ligi wakiwa sawa, kila mmoja ameshinda mechi 19 na kupoteza moja, wakagawana ubingwa wa Big Ten. Tarehe 19 Desemba wakakutana tena mjini Louisville, nusu fainali ya taifa. Nebraska walishinda seti mbili za kwanza. Katika seti ya nne walifika pointi ya kumaliza mechi, wengine wakaanza kufunga mabegi. Penn State hawakukubali. Seti hiyo waliichukua 28-26, na ile ya tano 15-13. Siku tatu baadaye walimfunga Louisville 3-1 kwenye fainali, na wote tukasema mwaka huu ni wao.

Sasa turudi kwenye swali. Kura ya kabla ya msimu haimpi mtu tuzo ya mwaka uliopita. Kocha anapopewa karatasi mwezi wa nane anaangalia nani ameondoka, nani amebaki na nani ameingia. Timu ya chuo inafanana na darasa: kila mwaka kuna wanaohitimu. Mwalimu yeyote aliyewahi kupeleka timu UMISSETA anaijua hali hii. Mwaka huu una kikosi cha kutisha, Januari unafungua shule na kidato cha nne chote hakipo, unaanza kutafuta mpigaji upya.

Ukifanya hesabu hiyo kwa Penn State, pengo ni kubwa. Jess Mruzik, mpigaji aliyebeba mashambulizi yao, amemaliza muda wake wa chuo. Camryn Hannah naye amemaliza. Hao ndio waliokuwa wakipewa mpira timu inapobanwa. Aliyebaki ni Izzy Starck, seta, yaani yule anayewapandishia wenzake mpira ili wapige. Aliongoza timu hadi ubingwa akiwa mwaka wa kwanza, jambo lisilo la kawaida, kwa sababu seta ndiye anayeamua kila shambulizi liende wapi. Yupo pia Caroline Jurevicius, ambaye kabla ya kuja Penn State alikuwa Nebraska. Na ameingia Kennedy Martin kutoka chuo cha Florida, mpigaji mrefu mwenye mkono mzito. Kwa hiyo Penn State hawajaporomoka. Wanajenga upya upande wa mashambulizi, na makocha wenzao wanalijua hilo.

Nebraska nao wamepoteza watu. Merritt Beason ameondoka, na ameondoka Lexi Rodriguez, libero wao, yule mchezaji anayevaa jezi ya rangi tofauti na kazi yake ni kuokoa na kupokea mipira ya nyuma. Rodriguez aliteuliwa kwenye vikosi vya wachezaji bora wa taifa katika miaka yake yote minne. Pengo la libero wa namna hiyo halionekani kwenye karatasi. Utaliona siku mpinzani anapiga sevu kali na pasi ya kwanza inakwenda kwa mashabiki.

Lakini tazama waliobaki. Bergen Reilly ndiye seta. Harper Murray anapiga kutoka pembeni. Andi Jackson yuko katikati ya wavu. Watatu hawa waliingia pamoja mwaka 2023, wakafika fainali ya taifa wakiwa bado wageni wa chuo na wakafungwa na Texas. Mwaka uliofuata wakaishia nusu fainali. Huu ni mwaka wao wa tatu, na katikati ya wavu bado yupo Rebekah Allick, mkubwa wao. Seta na wapigaji waliozoeana miaka miwili hawahitaji kutazamana: mpira ukipanda, mtu tayari yuko hewani. Kwa maoni yetu hapo ndipo kura ya makocha ilipoegemea, na hata tungepewa karatasi sisi tungeegemea hapo hapo.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo kura haiwezi kulipima vizuri, nalo ndilo linalotufanya tuufuatilie msimu huu. Nebraska wana kocha mpya.

John Cook aliifundisha Nebraska misimu 25 na kuipa makombe manne ya taifa. Januari 2025 alitangaza kustaafu. Aliyepewa kiti ni Dani Busboom Kelly. Huyu ni mtoto wa jimbo hilohilo la Nebraska, amekulia upande wa vijijini, na alikuwa mchezaji wa timu hiyo ilipochukua ubingwa mwaka 2006. Baadaye alirudi kama kocha msaidizi, akawa kwenye benchi mwaka 2015 walipochukua tena. Kisha akaenda Louisville kuwa kocha mkuu, akaifikisha fainali ya taifa mara mbili, 2022 na 2024. Fainali ya 2024 alifungwa na nani? Na Penn State, haohao waliowatoa Nebraska. Kwa hiyo kocha na wachezaji wake wapya wanakutana, kila mmoja akiwa na kidonda kilichotokana na timu moja, wiki moja, ukumbi mmoja.

Upande wa pili yupo Katie Schumacher-Cawley wa Penn State. Naye ni binti wa nyumbani. Alikuwa mchezaji chuo hicho kilipochukua kombe lake la kwanza mwaka 1999. Alikabidhiwa timu mwaka 2022 baada ya Russ Rose, kocha aliyekusanya makombe saba, kustaafu. Ukirithi kiti cha mtu wa namna hiyo, kila ukifungwa unalinganishwa. Oktoba 2024, katikati ya msimu, alitangaza kwamba ana saratani ya matiti. Aliendelea kufundisha huku akitibiwa, nywele zikimwisha kichwani, na Desemba akanyanyua kombe. Akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu iliyotwaa ubingwa huo wa juu wa vyuo katika mpira wa wavu wa wanawake. Michuano hiyo ilianza mwaka 1981. Miaka yote hiyo walicheza wasichana, na mwalimu aliyebeba kombe alikuwa mwanamume.

Leo timu mbili zinazopewa nafasi kubwa Big Ten zinaongozwa na wanawake, kila mmoja katika chuo alichokichezea mwenyewe. Hatukumbuki kuliona hilo likisemwa vya kutosha kwenye taarifa za utabiri.

Timu nyingine tuzipitie kwa haraka. Wisconsin, mabingwa wa taifa wa 2021 chini ya Kelly Sheffield, wamempoteza Sarah Franklin aliyehitimu, lakini wamempata Mimi Colyer kutoka Oregon. Ndiyo, ametoka timu moja ya ligi kwenda nyingine ya ligi hiyohiyo. Wisconsin tunawaweka watatu, na tusingeshangaa wakimaliza juu ya Penn State. Oregon, mbali na kumpoteza Colyer, wamempoteza na kocha: Matt Ulmer amehamia Kansas. Purdue ndio waliotuuma zaidi. Wapigaji wao wawili wakubwa wameondoka bado wana muda wa kucheza: Eva Hudson amekwenda Kentucky na Chloe Chicoine amekwenda Louisville. Ukimpoteza mchezaji kwa kuhitimu ulijua siku inakuja. Huku kuhama hakuna kalenda.

Hapa inabidi tueleze kidogo, maana wengi bado wanadhani mchezaji wa chuo akiingia ameingia. Zamani aliyehama chuo mara nyingi alikaa benchi mwaka mzima. Sheria zimelegezwa, na sasa mwanafunzi mwenye matokeo mazuri darasani anaweza kuhama na kucheza mara moja. Pesa nayo imeingia. Tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina na sura yake. Na tangu tarehe 1 Julai 2025, baada ya kesi kubwa mahakamani, chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake, kwa jumla ya hadi dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka kwa michezo yote. Sehemu kubwa ya fedha hizo inatarajiwa kwenda kwa wavulana wa mpira wa Kimarekani na kikapu. Wasichana wa wavu watapata kiasi gani, kila chuo kina uamuzi wake, na hapo ndipo timu tajiri na timu maskini za ligi moja zinaweza kuachana.

Nebraska wana sababu ya kutoogopa. Jimbo lao ni la mahindi na ng'ombe, lina watu kama milioni 2 tu, na mpira wa wavu wa wanawake huko ni jambo la familia nzima. Tarehe 30 Agosti 2023 waliuhamishia wavu katikati ya uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo, mjini Lincoln, wakahesabiwa watazamaji 92,003. Tuliirudia namba hiyo hewani mara mbili siku ile kwa sababu mwenzetu studio alidhani tumekosea kusoma.

Je, utabiri huu una uzito gani basi? Kwenye msimamo, hauna. Nebraska hawaanzi na pointi hata moja ya ziada, na kamati inayochagua timu za Desemba inaangalia matokeo na ugumu wa wapinzani uliocheza nao. Texas walikuwa mabingwa wa taifa 2022 na 2023, wengi wakawaogopa tena mwaka 2024, na hawakufika hata nne bora. Kinachobadilika ni presha. Aliyetajwa wa kwanza anachezewa fainali na kila mgeni, hata na timu ya mkiani. Kwa kocha aliyekaa kitini miezi saba tu, huo ni mzigo, hata kama anaijua nyumba.

Na Nebraska hawakujitafutia mteremko. Mechi yao ya kwanza ni Ijumaa tarehe 22 Agosti mjini Lincoln dhidi ya Pittsburgh, timu iliyofika nusu fainali ya taifa mwaka jana na yenye Olivia Babcock, mchezaji bora wa taifa wa 2024. Jumapili yake wanakutana na Stanford. Mechi za jioni huko kwetu huangukia usiku wa manane, ile ya saa moja jioni Lincoln huwa saa tisa usiku huku. Lala tu. Jumamosi asubuhi tutakuwa na matokeo seti kwa seti, na tutaanza na ile pasi ya kwanza, tuone nani amesimama pale alipokuwa akisimama Rodriguez.