Unapopaka rangi juu ya kromu, linda mapafu yako

Bampa iliyokuwa iking'aa kama kioo ikianza kushika kutu, wenye magari wengi huona afadhali kuipaka rangi kuliko kununua nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa usukani wa baiskeli na miguu ya viti. Mafundi wa jua kali huifanya kazi hii kila siku, na baadhi yetu huifanya wenyewe nyumbani siku ya Jumamosi, watoto wakicheza karibu. Je, msomaji, unajua unavuta nini puani kwa saa hizo chache?

Kwanza tukielewe chuma chenyewe. Ule mng'aro ni utando mwembamba sana wa madini yaitwayo kromiamu, na chini yake kwa kawaida huwa kuna tabaka la nikeli. Kuigusa tu kromu hakudhuru. Lakini ni laini mno, hata rangi haina pa kushika. Ndiyo sababu rangi iliyopakwa bila matayarisho hubambuka upesi. Ni lazima ukwaruzwe kwanza, na hapo ndipo hatari huanzia.

Hatari ya kwanza ni vumbi. Vumbi la nikeli huwasha na kuleta vipele kwa watu wenye mzio, wale ambao masikio yao huvimba wakivaa herini za bei rahisi. Kwa hivyo usitumie mashine ya kusugulia. Osha chuma kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke, kisha sugua kwa mkono ukitumia msasa wa maji hadi mng'aro ufifie. Vumbi likilowa haliruki hewani. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Usilipulize kwa mdomo wala kulifagia. Vaa glavu.

Hatari ya pili ni njia za mkato. Wako wanaochoma kromu kwa moto wa gesi, au kuiyeyusha kwa asidi au kwa umeme wa betri. Maji yakigeuka manjano wakati wa kutumia umeme, fahamu kwamba kromiamu imegeuka kuwa ile ya aina ya sita, ambayo ni sumu kali. Mwaka 1990, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Njia hizi zisijaribiwe nyumbani kamwe. Praima nyingine pia huwa na kromiamu hiyo, kwa hivyo soma maandishi ya mkebe kabla ya kununua.

Hatari ya tatu ni rangi yenyewe. Mvuke wa thina huleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya kichwa, na hushika moto kwa urahisi. Fanya kazi nje au mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko na sigara. Paka praima ya kushika chuma laini, iache ikauke, kisha paka rangi mara kadhaa kwa tabaka nyembamba.

Rangi za magari zinazochanganywa na dawa ya kuzikaza, ambayo mafundi huiita hadina, ni hatari zaidi zikipulizwa kwa mashine. Nyingi zina kemikali ziitwazo aisosianeti, ambazo zinaweza kumletea pumu mtu ambaye hajawahi kuugua ugonjwa huo. Mara nyingi kifua hubana usiku, saa nyingi baada ya kazi, na fundi hudhani ni homa ya kawaida. Mwili ukishazichukia, hata kiasi kidogo tu huamsha ugonjwa. Kitambaa au barakoa ya karatasi haizuii mvuke huo. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye chumba maalum na kifaa kinachomletea hewa safi kwa mpira.

Mafundi wengi huamini kwamba wakinywa maziwa baada ya kazi, sumu itatoka. Hili si kweli. Maziwa huenda tumboni, ilhali mvuke umeingia mapafuni na kutoka huko ukafika kwenye damu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayawezi kuwa kinga. Mwajiri anayewapa wafanyakazi wake paketi ya maziwa badala ya vifaa bora hajawalinda.

Usiweke thina katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala kumpa maziwa. Akitapika, thina inaweza kuingia mapafuni na kumuua. Mkimbize hospitali pamoja na chupa hiyo. Rangi au asidi ikiingia jichoni, lioshe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha umwone daktari.

Mwisho, ukiwa na kikohozi kisichopona, kifua kinachobana usiku au mikono inayopasuka na kuwasha, mweleze daktari unafanya kazi gani na unatumia rangi ya aina gani. Usingoje aulize. Pumu ya kazini ikigunduliwa mapema na mgonjwa akaondolewa kwenye mvuke huo, ana nafasi nzuri zaidi ya kupata nafuu. Akichelewa, huenda akaishi nayo maisha yake yote.