Mwani Mdogo na Soko la Kadogo

Mwani mdogo ni viumbe vya majini visivyoonekana kwa macho matupu, ambavyo vingi hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Dunaliella salina, mkazi wa maji yenye chumvi kali, hukuzwa katika mabwawa ya Australia kwa ajili ya betakarotini, rangi ya chungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Aina nyingine ya baharini hulishwa sukari ndani ya matangi yenye giza ili itoe DHA, mafuta ya jamii ya omega-3 yanayojenga ubongo na macho, ambayo Marekani iliyaruhusu katika maziwa ya kopo ya watoto wachanga mwaka 2001.

Nchini Kenya inayofahamika zaidi ni spirulina, ambayo kwa hakika ni bakteria wa rangi ya kijani-buluu. Ndiyo chakula cha heroe wadogo katika maziwa ya magadi ya Nakuru na Bogoria, na hulimwa pia pwani ya nchi hiyo. Takriban asilimia 60 ya unga wake mkavu ni protini, na wauzaji huitangaza sana sifa hiyo, lakini gramu 5 za unga huo humpa mlaji gramu 3 tu za protini, yaani nusu ya zile za yai moja. Isitoshe, sehemu kubwa ya vitamini B12 inayotajwa kwenye vibandiko vyake haitumiki mwilini mwa binadamu.

Hesabu hiyo ya protini ina uzito Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda ulio kando ya viwanda vya Nairobi, ambako mafuta na unga hununuliwa kwa kadogo, yaani kipimo kinachotosha mlo mmoja. Chupa nzima ya vidonge vya mwani haiwezi kupenya soko hilo. Nafasi ya kweli ya mwani imo katika kuchanganywa na unga wa uji, kwa kuwa sheria ya mwaka 2012 ya kuongeza virutubishi inahusu unga uliofungashwa, ilhali ule wa posho mill, yaani kinu cha mtaani, mara nyingi huuzwa bila nyongeza yoyote. Mwekezaji anayeilenga Mukuru aanzie hapo, na bei yake aipime dhidi ya omena, samaki wanaouzwa kwa kipimo na ambao tayari wana omega-3 iliyotokana na mwani wa ziwani.