Mtoro, Mpaka na Yowe: Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza ilihusu True Grit, riwaya ya Charles Portis iliyotoka mwaka 1968. Tom Chaney anamuua baba wa binti Mattie Ross mjini Fort Smith, anatorokea ng'ambo ya mpaka, Indian Territory, na binti anamkodi afisa wa mahakama, Rooster Cogburn, amfuate. Riwaya nyingi za kauboi zimejengwa juu ya imani kwamba ng'ambo ya mpaka hakuna sheria: kuna nyika, farasi, na mwanamume mmoja mwenye bunduki. Nashikilia kwamba imani hiyo haikuwa kweli hata huko Marekani, na mwandishi wa Sumbawanga akiiazima bila kuichuja ataandika Ufipa ambayo haijapata kuwapo.

Msafiri Joseph Thomson alipopita uwanda huu wa Ufipa mwaka 1880 alikuta watu wakulima, wapenda amani, chini ya watawala wao wa Nkansi na Lyangalile. Mpaka ulikuja baadaye. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi, na mstari wao ukapita katikati ya Wamambwe na Walungu, ambao hadi leo wako pande zote mbili, Tanzania na Zambia. Basi fikiri juu ya mtu mwenye kosa la damu anayeondoka Matai usiku kuelekea Mbala. Huyo haingii nyikani, anaingia kwa wajomba zake. Askari anayemfuata hufika Kasesya akasimama, kwa kuwa mamlaka yake yameishia hapo na yaliyobaki ni serikali kuandikiana barua. Udugu hausimami. Mpaka wetu ni mgumu kwa mwenye sare na mwepesi kwa mwenye shangazi ng'ambo, na hapo ndipo penye kisa, kuliko katika mbio za farasi.

Atatokea msomaji aseme kwamba maafisa wa namna ya Cogburn waliishi kweli, na atamtaja Bass Reeves. Ni kweli. Reeves alizaliwa mtumwa mwaka 1838, na kuanzia 1875 alitumikia mahakama ya Jaji Isaac Parker hapo hapo Fort Smith. Hesabu ya aliowakamata hutajwa kuwa zaidi ya 3,000. Lakini tuulize aliwezaje. Kabla ya kuwa afisa alikuwa mtoro yeye mwenyewe: alikimbia utumwa akaingia Indian Territory, akaishi na Wacherokee, Wacreek na Waseminole, akajifunza lugha zao. Hakujua kusoma, hivyo hati za kukamatia watu alisomewa akazishika kichwani. Mtu huyu alifaulu kwa sababu nchi ile ilikuwa na wenyewe, wenye mahakama na askari wao, naye aliwajua. Riwaya zilibakiza bunduki zikawafuta wenyeji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silipuuzi. Kwetu mtoro hufuatwa na kijiji. Sungusungu, walinzi wa jadi waliozuka Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kufika bonde la Rukwa pamoja na wafugaji wa Kisukuma, humkimbiza mwizi wa ng'ombe kwa yowe linalopokelewa kijiji hadi kijiji, mpaka aishiwe mahali pa kujificha. Watu wamepigwa bila kusikilizwa, wengine wameuawa, na wazee wasio na hatia wamesingiziwa uchawi. Je, afisa mwenye hati si bora kuliko umati? Hati ni bora, na si haki kulificha hilo kwa kusifia mila. Ila tusisahau kwamba mahakama ya Parker, pamoja na hati zake zote, ilinyonga watu 79. Tena yowe lina kitu ambacho hati haina: anayeliitikia anamjua mama wa mtoro, na kesho atakutana naye kisimani. Ndiyo maana hukumu yake huweza kuwa na huruma, au kuwa katili kupita kiasi.

Riwaya ya Ufipa ninayoitamani ingeanzia kwa mjomba aliye ng'ambo ya mto Kalambo. Mtoro ameshakula, amelala. Asubuhi habari zinafika kutoka Matai kwamba aliyeuawa naye ni mtoto wa dada. Wiki ijayo nitaeleza kwa nini Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, pamoja na ushujaa wake wote, hawezi kumsaidia mjomba huyo.