Nchi Jirani: Bei ya Dawa Isiwe Siri ya Mwuzaji

Katika mwaka 2018 Sekretarieti ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, ilitiliana saini na Bohari ya Dawa ya Tanzania hati ya maelewano, ambayo kwayo Bohari hiyo ilipewa kazi ya kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa na vifaa vya tiba kwa nchi wanachama. Jumuiya hiyo ina nchi 16, kuanzia Kongo na Tanzania hadi Afrika Kusini, pamoja na visiwa vya Bahari ya Hindi. Jambo lililovuta masikio ya wengi ni kununua kwa pamoja. Lakini iko hatua inayotangulia, nyepesi kwa gharama na nzito kwa faida, nayo ndiyo shabaha ya mazungumzo yetu ya leo: nchi jirani kuambiana bei wanazolipia dawa.

Ndugu wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi na usalama, ninyi mnaijua thamani ya habari. Malindo mawili yaliyo kwenye mpaka mmoja, kila moja likikaa na habari zake bila kulipasha la pili, huweza kupitwa na mhalifu yule yule usiku ule ule. Hali katika biashara ya dawa haiko mbali na hiyo. Mwuzaji mmoja huziuzia serikali nyingi, naye anajua kila moja imemlipa kiasi gani. Serikali yenyewe hujua bei yake tu. Afisa ununuzi aliyeko Lilongwe au Lusaka, asipopata habari za jirani, hana kipimo ila zabuni zilizo mezani pake. Na zabuni zote zikiwa ghali, iliyo nafuu miongoni mwake bado ni ghali.

Hata hivyo, kuambiana bei si kutajiana tarakimu tu. Tuchukue mfano wa kufikirika. Nchi ya kwanza imenunua kopo la vidonge 1,000 kwa dola 10. Nchi ya pili imenunua pakiti ya vidonge 100 vya dawa hiyo hiyo kwa dola 1 na senti 50. Tukigawanya, vidonge 100 vimeigharimu nchi ya kwanza dola 1, na kwa hiyo mtu aweza kusema upesi kwamba nchi ya pili imepunjwa. Lakini bei ya nchi ya kwanza ni ya mlangoni pa kiwanda. Ile ya pili imekwisha kujumlisha nauli ya meli, bima, na lori kutoka bandarini hadi bohari iliyo katika nchi isiyo na bahari. Ikiwa gharama hizo ni senti 60 kwa kila pakiti, dawa yenyewe imenunuliwa kwa senti 90. Aliyedhaniwa kupunjwa ndiye aliyepata nafuu.

Kwa sababu hiyo, kila bei inayopelekwa kwa jirani yapaswa kufuatana na maelezo yake: jina la dawa yenyewe, wala si jina la kibiashara lililobuniwa na kiwanda, nguvu ya kidonge au ya sindano, idadi iliyomo katika pakiti, kiasi kilichonunuliwa, sarafu na tarehe ya mkataba, mahali mzigo ulipokabidhiwa, na kiwanda kilichoitengeneza, pamoja na uthibitisho wa ubora wake. Jambo la mwisho halina mchezo. Dawa isiyotibu, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, ni hasara kwa mgonjwa na kwa hazina.

Wako wanaopinga utaratibu huu. Mei 2019, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva ulipitisha azimio la kuzihimiza serikali kutangaza bei halisi za dawa, yaani bei zinazobaki baada ya punguzo lote. Uingereza, Ujerumani na Hungary zilijitenga na azimio hilo. Hoja inayotolewa na viwanda ni kwamba nchi maskini ikitangaza bei ndogo iliyopewa, nchi tajiri nazo zitaidai, na mwishowe mwuzaji ataacha kumpunguzia maskini.

Hoja hiyo ina uzito kwa dawa mpya zinazolindwa na hataza, ambazo mwuzaji wake ni mmoja. Lakini sehemu kubwa ya dawa zinazojaza rafu za zahanati zetu, kama vile parasetamoli na amoksilini, ni dawa za miaka mingi zinazotengenezwa na viwanda vingi. Hapo hakuna hisani ya kuificha. Pana ushindani, na ushindani hustawi pale bei zinapojulikana. Afrika Kusini hutangaza hadharani bei za mikataba ya dawa za serikali yake. Ni kweli kwamba nchi ndogo haiwezi kutazamia kupata bei ile ile, kwa kuwa hainunui kwa wingi ule. Lakini yaweza kumwuliza mwuzaji sababu ya tofauti, na swali hilo peke yake ni silaha kwa aliyekaa mezani mikono mitupu.

Faida yake haiishii katika vitabu vya hesabu. Fedha za dawa zina kikomo, na kila kiasi kinacholipwa bila sababu hupunguza makopo yanayofika zahanati ya kijijini, kituo cha afya cha mjini, na hospitali anakotibiwa mtoto wa askari. Mgonjwa anayeambiwa dawa zimekwisha haambiwi kamwe kwamba jirani alizinunua kwa nusu ya bei.

Kazi hii haingoji meli wala kiwanda kipya. Yahitaji karani wa bohari aliye mwaminifu, orodha iliyojazwa sawasawa mara mkataba unapotiwa saini, na wizara iliyo tayari kuipeleka orodha hiyo kwa jirani kabla jirani hajafungua zabuni zake.