Kivumbasi: Hufukuza Mbu, Huita Nyuki

Ukishika njia ya mashamba kutoka Kisarawe kwenda Maneromango, au ukiteremka Mlandizi kuelekea bonde la mto Ruvu, kivumbasi utakinusa kabla hujakiona. Suruali ikikigusa tu, harufu inapanda. Wengi hupita bila kusimama. Kwa mwenye jembe hilo ni gugu kama magugu mengine, linaondoka na palio la kwanza. Mimi naona jembe hilo linakata kitu ambacho shamba lenyewe linakihitaji.

Chuma jani moja ulisugue viganjani. Vivumbasi vingi hunukia karafuu, nayo sababu ipo: mafuta ya jani hilo yana eugenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba na Unguja ukali wake, ileile unayoinusa kwa daktari wa meno. Jani limejaa vifuko vidogo mno vya mafuta hayo, na kila ukilisugua unavipasua. Linnaeus, Mswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi, alikiita Ocimum gratissimum mwaka 1753. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "kinachopendeza mno". Ni ndugu wa mrihani, ila mrihani ukishatoa mbegu hauna maisha marefu. Kivumbasi hudumu miaka. Shina lake, ambalo likiwa changa lina pembe nne, hukomaa chini likawa mti, kichaka kikafika kimo cha mtu. Ukikikata huchipua tena.

Matumizi yake watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa. Tumbo likisokota, majani huchemshwa. Wako wanaokioga kuondoa mikosi. Jioni matawi mabichi huwekwa dirishani, au hutupwa juu ya makaa ili moshi ufukuze mbu. Hili la mbu wanasayansi wamelifuatilia. Mwaka 1981 wanakemia Chogo na Crank walichapisha uchunguzi wao wa kivumbasi cha Tanzania, wakaonyesha kwamba eugenoli ndiyo inayomkera mbu. Mwaka 2002 yakatoka matokeo ya majaribio yaliyofanywa Kenya kwa mimea hai ndani ya vyungu: ndugu mwingine wa jamii hii, Ocimum americanum, alipunguza mbu wa malaria kwa takriban asilimia 40 bila hata kuchomwa. Asilimia 40 si haba kwa mmea wa bure, lakini maana yake ni kwamba kati ya mbu kumi, sita bado wanakufikia. Chandarua kibaki palepale kitandani. Na Kibaha, hukuhuku Pwani, pana kiwanda cha serikali kinachotengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kwa kutumia bakteria. Hiyo humwagwa madimbwini, kivumbasi hulinda dirishani, wala havigombani.

Sasa rudi kwenye kichaka kilekile mnamo saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshapasha umande, uchuchumae. Mmea unaomkimbiza mbu umejaa nyuki. Kuna nyuki wa asali, kuna wale wadogo weusi wasiouma, na vipepeo wawili watatu. Maua ni madogo mno, meupe yenye umanjano, yamepangwa sita sita kuzunguka kikonyo, ghorofa juu ya ghorofa. Tazama ua moja tu. Lina midomo miwili: wa juu umechanika ncha nne, wa chini umebonyea kama kijiko. Ndani ya kijiko hicho zimelala stameni nne zenye chavua. Nyuki akitua, kichwa anakiingiza kooni mwa ua kutafuta mbochi, na tumbo lake linasuguana na chavua iliyo chini yake. Katika maua mengi ya ukoo mpana wa kivumbasi chavua humshukia mdudu mgongoni. Mrihani na kivumbasi humpaka tumboni. Anaruka kwenda ua jingine na mzigo wake, hajui kwamba amepakiwa.

Kwa nini basi harufu ile isimfukuze? Kwanza, uani kuna malipo: mbochi. Pili, harufu moja haina maana moja kwa wadudu wote. Kemikali iliyo jamaa wa karibu wa eugenoli, methili eugenoli, humvuta nzi dume wa maembe, yule mharibifu aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, hata wakulima wakaifanya chambo cha mitego. Kinachomfukuza huyu kinamwita yule.

Hapa ndipo shamba linapoingia. Muhogo na nanasi la Kisarawe havimdai nyuki chochote, maana muhogo huvunwa mzizi, na tunda la nanasi hukua bila kuchavushwa. Lakini tikiti, tango na boga vina maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Bila mdudu wa kubeba chavua, ua la kike hunyauka, au hutoa tunda lililopinda. Mkorosho nao unawategemea wadudu. Tatizo ni kwamba tikiti huchanua wiki chache tu, na nyuki anakula mwaka mzima. Zamani misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilimtunza. Leo imemegwa na mkaa na makazi, na nyuki amebakiwa na kingo za mashamba yetu, kingo zilezile tunazozifyeka zikang'aa na kuziita safi. Inaniuma kuona hivyo.

Kukiotesha si kazi. Subiri kikonyo kikauke kiwe cha kahawia. Vifuko vya mbegu hufunga mdomo, kwa hiyo usivikung'ute, vifikiche kiganjani. Kila ua lina mbegu zisizozidi nne, ndogo kama punje za mchanga. Zimwage juu ya udongo laini masika au vuli ikikaribia, uzifunike kidogo sana. Au kata pingili la tawi, lichomeke kivulini, limwagilie. Kisha hamishia pembezoni mwa shamba, hatua moja kati ya kichaka na kichaka, na viwili vitatu karibu na dirisha la chumba cha kulala. Ukitaka majani, kata upande mmoja, mwingine uache na maua yake. Na kama lazima upulize dawa kwenye tikiti, pulizia jioni nyuki wakishalala.

Kazi iko kwenye palio. Kivumbasi kichanga kinafanana na magugu mengine, na jicho la mtu aliyeinama tangu alfajiri halichagui. Chuma jani, lisugue, linuse, ndipo unyanyue jembe.